Daftari Ndani ya Koti

Haya nimeyapata kwa Nasri mwenyewe, mwaka jana mwezi wa kumi, alipokuja kunitengenezea mlango wa uani ulioliwa na mchwa. Kazi ya siku moja aliifanya siku tatu, na siku zote tatu alikuwa anaranda huku anasimulia. Pale alipoona haya akaruka, dada yake Zamda alikuja akanijazia.

Jumapili ile ya posa, jua lilimkuta Nasri kwenye karakana yake pale Ng'ambo, Tabora. Amekaa juu ya benchi la kurandia, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na magotini ana daftari dogo la shule. Siku ya tatu hiyo hajapata usingizi. Zamda amesimama mbele yake, chapati mkononi, anamuuliza maswali.

"Haya kaka. Nomino ni nini?"

"Jina la kitu. Mlango."

"Kivumishi?"

"Kinasema mlango huo ni wa namna gani. Mzito. Mpana."

"Kitenzi?"

"Kazi yenyewe. Kufungua, kufunga."

"Na kielezi?"

Nasri alifumba macho, kidole kikawa kinatembea hewani kama kinapima ubao. "Kielezi kinasema mlango umefungwaje. Polepole. Kwa hasira. Unajua Zamda, randa ni ile ile, ubao ni ule ule, lakini mkono wa fundi ndio unaosema randa imepita vipi. Basi mkono ndio kielezi."

Zamda aliacha kutafuna. "Hilo hata mimi sikufundishwa. Haya, sasa kwa Kiingereza. Mlango mzito."

"Door heavy."

"Kaka jamani! Mara ngapi? Kiingereza sifa inatangulia, jina linakuja nyuma. Heavy door."

"Hapo ndipo wanaponishinda. Utapakaje vanishi kabla hujachana ubao?"

Zamda alicheka mpaka chapati ikamponyoka. Nasri hakucheka. Alilikunja daftari kwa urefu, akalisukumia kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Alipanga kwamba mambo yakimzidi huko kwa wakwe, ataomba njia ya msalani akachungulie.

Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka baba yake alipoanguka kutoka juu ya paa la watu na kufariki, na nyumba ikabaki haina mtu wa kushika msumeno. Tangu hapo alijenga jina. Watu walitoka mpaka Usinge na Kigwa kuja kuagiza vitanda vya mninga kwake. Kutosoma hakukumsumbua, kwa sababu ubao haumuulizi mtu ameishia darasa la ngapi.

Mpaka siku alipoingia Mwalimu Najiat.

Alikuja kuagiza kabati la vitabu vya darasani kwake. Ushungi wa samawati, vumbi la chaki bado liko kwenye vidole. Alipitisha mkono juu ya ubao uliorandwa, taratibu, kama anayepapasa shavu la mtoto aliyelala, na Nasri akajikuta ameshika penseli hajui alitaka kuandika nini.

"Fundi, mlango wake usije ukakwama. Wanafunzi wangu wana mikono midogo."

"Mwalimu, milango ya Nasri haikwami."

Akamtazama. Akamtazama kidogo zaidi ya vile kabati linavyohitaji. Nasri akainamisha macho, na masikio yakamwaka moto.

Wakapeana namba. Jioni ukaja ujumbe wa Najiat, na Najiat ni mwalimu wa Kiingereza, kwa hiyo nusu Kiswahili, nusu Kiingereza. Nasri aliutazama ujumbe ule mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe. Ingekuwa ni kazi ndogo tu kumwambia, mwalimu, hicho sikijui. Badala yake aliibeba simu akampelekea Zamda, aliyemaliza kidato cha nne na anauza kwenye duka la dawa. Zamda alisoma, akacheka, akajibu. Siku ya pili akajibu tena. Mwaka ukakatika, Zamda anajibu.

Siku moja Najiat alimuuliza ana kwa ana: "Wewe Nasri, Kiingereza kizuri hivi ulikipata wapi?"

"Nilisoma Dar," alisema. "Kidato cha nne."

Neno hilo lilitoka lenyewe kama mkojo wa mgonjwa, alivyoniambia, na halikurudi ndani tena. Najiat alimwambia baba yake, Mzee Uwesu, mshona kanzu wa Gongoni. Mzee Uwesu akamwambia dada yake, Bi Anifa, muuguzi mstaafu ambaye katika ukoo ule hakuna posa inayopita bila yeye kuikagua. Na Bi Anifa alikuwa ameshasema wazi: "Mtoto wetu tumemsomesha mpaka chuo. Fundi seremala simkatai, lakini awe amesoma. Nitamsalimu kwa Kiingereza mwenyewe, nimsikie."

Najiat alimpa Nasri habari hizo huku akicheka. "Jiandae, shangazi atakupima." Yeye aliona ni mchezo. Nasri alienda siku ile ile kununua daftari.

*

Saa nne asubuhi msafara wa Nasri ulifika Gongoni. Siku hizi mchumba naye huenda akajionyeshe, kwa hiyo Nasri alikuwa katikati, mbele yake baba yake mdogo, Mzee Mussa, ndiye msemaji, na nyuma Zamda na mama wawili wamebeba sinia zilizofunikwa vitambaa.

Mlangoni hawakumkuta Mzee Uwesu. Walimkuta Bi Chausiku.

Bi Chausiku ni Mzaramo, jirani wa ukuta kwa ukuta wa Mzee Uwesu. Aliletwa Tabora na marehemu mume wake aliyekuwa wa reli, na hakuondoka. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu kubeba mizigo kwa miguu mpaka pwani na kurudi. Mtani ana haki zake. Msibani atalala kaburini mpaka mumhonge, na kwenye posa atawafungia mlango na kumvua mchumba kitu, mpaka akikomboe. Na mtani hakasirikiwi. Akikwambia mbovu, unacheka, unamrudishia mbovu zaidi, mambo yanaisha.

Bi Chausiku alikuwa ameketi juu ya kizingiti, miguu ameinyoosha, mwiko wa ugali mkononi.

"Aa! Wapagazi wangu mmefika! Mizigo mmeitua wapi? Au mmekuja mikono mitupu kama babu zenu, walivyofika kwetu wakaomba maji ya kunywa na mahali pa kulala?"

"Tulikuja na pembe za ndovu, mkazila mkidhani mihogo!" alijibu Mzee Mussa, na watu waliokuwa uani wakaangua kicheko. "Ondoa hiyo miguu, bibi, tupite. Hata punda wa Igunga ana miguu mizuri kuliko hiyo."

"Sipishi. Huyu ndiye mwoaji? Mbona amekauka kama ubao wake? Mvueni koti tuone mbavu!"

Na kabla Nasri hajajua, bibi yule alishasimama, ameshika kola ya koti kwa mikono miwili, amelivuta. Kweli alikuwa na nguvu. Koti likatoka, Nasri akabaki na kanzu. Watu wakapiga vigelegele. Bi Chausiku akalivaa, mikono ikamfunika mpaka vidole, akaingia nalo sebuleni anacheza.

Nasri aliguswa na baridi begani, jua lote lile. Daftari.

Waliingia, wakaketi. Mzee Uwesu alikuwa kwenye kiti chake, mpole, miwani puani. Bi Anifa pembeni, mgongo umenyooka. Kwenye pazia la mlango wa ndani Nasri aliona ukingo wa ushungi wa samawati na jicho moja linacheka. Akataka kucheka nalo, mdomo ukakataa.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba, karibu," alisema Mzee Uwesu.

Bi Anifa hakuitikia kwa Kiswahili. Alikohoa kidogo. Midomo ilikuwa tayari imejipanga kusema Kiingereza. Lakini Bi Chausiku alimuwahi. Alikuwa ameingiza mkono mfuko wa ndani.

"Haa! Nilidhani nitakuta hela, nakuta karatasi! Mnyamwezi anatembea na daftari!" Akalifungua, akaligeuza juu chini, maana miwani yake aliiacha kwake. "Mna mlango umechorwa humu. Jamani, mlango una mishale! Wifi Anifa, hebu nisomee."

Bi Anifa alilipokea, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kwa sauti ile ya kuita wagonjwa akasoma: "Mlango, nomino. Mzito, kivumishi. Bawaba, kiunganishi, kwa sababu inashika huku na huku." Akafunua. "Na huku ni Kiingereza. Najiat is a good teacher. Najiat walks quietly." Akawageukia wazee. "Anasema Najiat ni mwalimu mzuri. Najiat anatembea kimyakimya."

Nyumba nzima ikacheka, kicheko cha heri kabisa. Pazia likatikisika.

"Amepata sita kwa kumi!" aliendelea Bi Anifa. "Na hapa kaandikiwa kwa kalamu nyekundu: Rudia, usiwe mvivu."

"La watoto wa jirani hilo," alisema Mzee Mussa, naye anacheka. "Wanachezea karakanani, si unajua."

Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipokuwa wazi kabisa. Nasri angecheka tu. Angesema, ndiyo shangazi, watoto hao wamenichosha. Hakuna ambaye angeuliza tena.

Lakini Bi Chausiku alikuwa hajamaliza. Alimkumbatia Nasri shingoni, akawapigia watu kelele: "Kumbe mpagazi wangu ana mchumba mwingine, yupo darasa la tano!"

Darasa la tano. Bibi wa watu alilitaja tu, angeweza kusema la nne au la saba. Ila lilimwingia Nasri kama patasi iliyoteleza. Alimwona baba yake ameanguka. Alijiona mwenyewe anatoka getini pa shule yao amebeba viatu mkononi. Akasimama, akamsukuma Bi Chausiku mkono, akalirukia daftari.

"Lete hapa! Bibi wewe, huna adabu?"

Daftari likapasuka. Nusu ikabaki kwa Bi Anifa, nusu kwa Nasri.

Kicheko kilikatika palepale. Bi Chausiku alibaki amesimama na koti lile kubwa mwilini, na ghafla akaonekana mzee. Mzee Mussa aliinamisha kichwa. Mtu kumkasirikia mtani, mbele ya watu, siku ya posa! Katika nyumba ile hapakuwa na aliyewahi kuliona hilo.

Mzee Uwesu alivua miwani.

"Kijana. Mtu hakasiriki hivyo kwa daftari la jirani. Hili ni la nani?"

Nasri alitazama mkeka. Aliona kamba moja ya ukindu imekatika, akaitazama hiyo.

"Langu."

"Lako wewe."

"Langu, baba. Ndiyo kwanza najifunza."

"Na kidato cha nne?" aliuliza Bi Anifa, taratibu, na utaratibu wake ulikuwa mbaya kuliko kelele.

"Sijafika. Niliishia darasa la tano."

Mzee Mussa alifunika uso kwa kiganja. Yeye ndiye aliyekuja wiki iliyopita akasema kwa kinywa chake kwamba mtoto wao amesoma, na kweli aliamini. Nasri alipomwona amejificha hivyo, aliona bora ardhi ipasuke. Alitazama pazia. Ushungi wa samawati haukuwepo.

Alitoka nje kwa mlango wa uani bila kuaga, nusu ya daftari mkononi.

*

Najiat alimkuta uani, karibu na karo la kuoshea vyombo, ameupa ukuta uso.

"Geuka."

"Siwezi, mwalimu."

"Nasri, geuka nikuone."

Akageuka. Macho ya Najiat hayakuwa na machozi. Yalikuwa makavu, na Nasri aliona afadhali angelia.

"Nilidhani utaniambia jambo kubwa," alisema Najiat. "Kwamba una mke Ulyankulu. Kwamba unaumwa. Kumbe darasa la tano! Nafundisha darasa la tano, Nasri. Ningekufundisha."

"Niliona aibu."

"Mimi je? Unajua nimewasomea ujumbe wako walimu wenzangu? Ofisini, wakati wa chai. Nikasema, oneni, fundi seremala huyu, oneni anavyoandika." Halafu sauti ikashuka. "Nani aliyekuwa ananiandikia?"

Nasri aligeuza macho kwenye mlango wa jiko.

"Nani?"

"Mimi, wifi." Zamda alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mtandio umemfunika nusu ya uso. "Mimi. Mwanzoni ilikuwa mchezo. Baadaye nilimwambia kaka aache, akasema kesho, akasema kesho. Nisamehe."

"Mwaka mzima," alisema Najiat, "nimekaa nacheka peke yangu kitandani, kumbe nacheka na dada yako."

Nyuma ya ukuta mtu alikuwa anatwanga, kinu kinagonga, kinanyamaza, kinagonga.

"Ule ujumbe wa viatu," Najiat alisema hatimaye. "Uliosema kwamba ukisikia viatu vyangu kwenye changarawe, randa inasimama yenyewe katikati ya ubao. Nani alisema hivyo?"

"Ule wangu," alisema Nasri. "Nilimwambia Zamda kwa Kiswahili, akaugeuza tu."

"Na wa harufu ya mninga?"

"Wangu. Kwamba mninga ukichanwa unatoa harufu tamu, halafu unaizoea huisikii tena, ila wewe sijakuzoea."

"Na ule wa mwezi na nyota, kwamba macho yangu ni nyota za mbinguni?"

Zamda alikohoa. "Huo wangu."

"Mimi nyota sizijui," alisema Nasri. "Kutwa naangalia chini, mbao."

Kitu kilipita usoni kwa Najiat, kikaondoka upesi kabla hakijawa kicheko. "Huo wa nyota niliufuta," alisema. "Sikuupenda."

Nasri alipiga hatua moja. Najiat akanyoosha kiganja, simama hapo.

"Usinikaribie. Bado nina hasira na wewe, na sijui zitaisha lini. Baba yangu umemdanganya. Bi Chausiku umemtukana, amenibeba mgongoni huyu. Nenda kwanza kwake."

Lakini Bi Chausiku alikuwa ameshakuja mwenyewe. Alisimama kizingitini, koti bado amelivaa, na nusu ya pili ya daftari ameishika.

"Mnyamwezi," alisema, bila utani. "Faini yangu."

Nasri alipiga magoti palepale kwenye saruji yenye maji. "Bibi yangu, taja. Mbuzi, kanga, chochote."

"Mbuzi wako atanitafuna vitambaa. Nataka hivi. Umeona uchungu tulipokusomea. Sasa ingia ndani, usimame mbele ya wale watu wote, utusomee mwenyewe. Mwanzo mpaka mwisho."

"Bibi..."

"Au lala huko nje."

*

Alisimama katikati ya mkeka, amezishikanisha nusu mbili za daftari kwa vidole kama ubao uliopasuka unaongoja gundi. Kanzu ilikuwa imelowa magotini. Alisoma. Kiingereza chake kilikuwa kinachechemea. Mahali pengine alirudia neno moja mara tatu, jasho likamtoka puani, na mama mmoja wa upande wa akina Najiat akacheka, akanyamazishwa. Alisoma mlango na bawaba zake. Alisoma sita kwa kumi. Alisoma, usiwe mvivu. Kila ukurasa alifikiri, sasa nimefika chini kabisa, na ukurasa unaofuata ukamwonyesha kwamba chini bado.

Alipofika ukurasa wa mwisho alilishusha daftari.

"Endelea," alisema Bi Chausiku.

"Huu Zamda hajausahihisha. Niliuandika alfajiri peke yangu."

"Endelea."

"I lie to Najiat badly," alisoma. "She is a true person. I am afraid."

Mzee Uwesu aliinua uso. "Maana yake nini?"

Bi Anifa alitaka kutafsiri, kaka yake akamzuia kwa kidole. "Aseme yeye."

Nasri alimgeukia Mzee Uwesu. "Maana yake, nimemdanganya Najiat vibaya. Yeye ni mtu wa kweli. Mimi naogopa."

Mtu mmoja alisogeza kikombe. Bi Anifa alikuwa anatazama mikono yake. Bi Chausiku alivua koti, akampa Nasri, akamfunga kifungo cha juu kwa vidole vyake kama anayemfungia mtoto anayekwenda shule.

"Faini imelipwa," alisema. "Mpagazi umepokea mzigo wako." Na hakuna aliyecheka, lakini Mzee Mussa aliondoa kiganja usoni.

Mzee Uwesu alivaa tena miwani. "Mussa, ndugu yangu, posa yenu leo sijaipokea na sijaikataa. Siwezi kumpa binti mtu ambaye hadi saa moja iliyopita nilikuwa simjui. Sinia zenu mrudi nazo. Mkija tena, mje na huyu, aliyetusomea sasa hivi. Yule wa kidato cha nne asiletwe hapa."

"Tumesikia, kaka," alisema Mzee Mussa. "Tumekosa."

Waliondoka na sinia zao vilevile zimefunikwa, wanapita mtaani mchana kweupe, na watu wa Gongoni wanajua sinia zinazorudi zina maana gani. Nasri hakuinua macho mpaka Ng'ambo. Kwenye pazia hakumwona mtu wakati wa kutoka, na nusu mbili za daftari aliziacha juu ya mkeka. Hakuwa na mikono ya kuziokota.

*

Adhuhuri ilipita. Nyumbani Mzee Mussa alikataa chakula, akakaa kwenye kiti cha kamba, na baada ya muda kichwa kikaangukia kifuani, akakoroma. Zamda alilia jikoni, akamaliza, akajinyoosha kwenye mkeka, naye usingizi ukamchukua na mtandio wake usoni. Mtaa mzima ulikuwa kimya kwa joto.

Nasri alikwenda karakana. Alivua koti, akalitundika msumarini. Akachukua simu, akaandika kwa kidole kimoja, anafuta, anaandika.

"Ni mimi Nasri. Zamda kalala. Hii naandika peke yangu. Najua sina haki ya kukuandikia. Mkono wangu ulimpitia bibi kwa hasira, na kwako ulijificha. Yote mawili ni mimi. Nisamehe ukiweza."

Akatuma kabla hajaogopa. Halafu akaogopa. Alishika randa kujishughulisha, akaisukuma mara moja, ikafika katikati ya ubao akaiacha.

Simu ikalia.

Ulikuwa ujumbe mfupi, wa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho.

"Mlango wa kabati la darasani unakwama. Uje kesho saa nane, watoto wakishatoka. Uje wewe. Daftari liko kwangu."

Nasri aliusoma mara ya kwanza akaona kazi. Aliusoma mara ya pili, akakaa chini. Mlango ule aliufunga kwa bawaba tatu. Aliuranda ukingo, akaupiga msasa, akaujaribu kwa kidole kidogo mara ishirini kabla haujatoka pale. Mvua, jua, mikono ya watoto, mlango ule ungefunguka. Milango ya Nasri haikwami. Na Najiat, anayeufungua kila asubuhi, alilijua hilo kuliko mtu yeyote wa Tabora.

Uso ukamchoma upya. Kesho atapita mbele ya ofisi ya walimu, wale wale waliosomewa ujumbe wakati wa chai, ameshika kisanduku cha vifaa kwenda kutengeneza kitu kizima. Watamtazama. Atawapa shikamoo walio wakubwa, atapita.

Alijaribu kuandika jibu, vidole vikawa vizito. Siku tatu za kukesha zilimshukia kwa pamoja. Akaandika, "Nitakuja," neno hilo tu, akajilaza juu ya maranda ya mninga chini ya benchi, simu kifuani, upande ule ule lilipokuwa daftari. Adhana ya alasiri ilipopigwa hakuisikia. Alikuwa amelala.